Tovuti Iliyofunga Mpaka

Mtanicheka, lakini afadhali niseme mwenyewe. Shangazi yangu, Senga, ninayeishi kwake, huuza samaki wabichi Busia upande wa Uganda, na wanunuzi wake karibu wote huvuka kutoka Kenya. Nikamtengenezea tovuti ya kuagizia, nikamkataza kuita wateja. Hadi adhuhuri hakuna aliyeagiza, samaki wanalegea.

"Wakenya hawajui mitandao, Senga," nikalalamika.

Mteja wake wa siku zote akatokea amefura. "Kijana, tangu asubuhi naandika namba yangu ya simu, tovuti yako inasema nimekosea."

Nikamnyang'anya simu nimfundishe mbele ya soko zima. Namba ikakataliwa. Ndipo nikakumbuka kwamba niliiamuru tovuti ipokee namba za Uganda tu.

Senga akafukuza nzi. "Kumbe forodha naipikia chakula nyumbani kwangu."