Programu Iliyogoma Ruangwa

Asikudanganye mtu, hakuna raha kama kuona programu uliyoifungasha mwenyewe ikifunguka kwenye kompyuta ya watu wengine. Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa Nachingwea, nimeandika programu ya Kiswahili ya kufundishia kuchapa, yenye sauti inayotaja kila herufi. Dada yangu, mwalimu wa shule Ruangwa, alikuwa na kompyuta za msaada zenye mfumo wa Linux, na chumba cha kuziweka. Chumba hicho kamati ya wazazi ilikitaka kwa magunia ya ufuta. Ijumaa baada ya swala mwenyekiti angekuja kutazama. Asipoona cha maana, kompyuta zinatoka, ufuta unaingia.

Ijumaa hiyo asubuhi nikashuka kwenye lori kifua mbele. Dada akawasha jenereta, nikaweka programu yangu. Ikagoma. Kioo kikaandika kwamba maktaba ya sauti haipo.

Programu za Linux hazibebi kila kitu. Kuna vipande vya kazi, kama hicho cha kutoa sauti, ambavyo programu nyingi hutumia kwa pamoja, tunaviita maktaba. Kikiwepo kimoja kwenye kompyuta, kinazitosha zote. Anayefungasha anakiacha, anataja tu kwamba kinahitajika. Nami nilikiacha kwa roho safi. Kwetu huendi kwa ndugu na chumvi yako mfukoni, utakuwa umemtukana. Kumbe hapa chumvi haikuwepo.

Nikamwambia dada asihofu, maktaba hiyo imo kwenye sidii zilizokuja na kompyuta, azilete.

"Nilimpa mama mkwe," akasema. "Ziko kwenye mtama, zinafukuza ndege."

Jamani, nilichemka! Mfumo mzima wa kompyuta unaning'inia shambani! Dada naye akaja juu: mfumo ulishawekwa, sidii za nini tena, na ndege walikuwa wanammaliza mkwe wake. Tuligombana huku tunakimbia.

Tukazikuta zinameremeta juu ya mtama, kamba imepita kwenye tundu la katikati. Mama mkwe, aliyezoea zaidi Kimwera, akauliza kupitia kwa dada ndege atawafukuza nani sasa. Nikavua shati nikalitundika mtini. Akacheka mpaka akakaa chini, akatuachia sidii zote.

Ya kwanza ilikuwa imeungua jua, kompyuta ikaikataa. Ya pili tuliiosha kwa sabuni, dada akaifuta kwa kanga yake. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Ikasoma. Nikaichomoa maktaba ya sauti, nikaiweka, nikafungua programu. Ikasema "A" kwa sauti kubwa, na mimi nikapiga kelele kuishinda.

Mwenyekiti alifika na wenzake wa kamati, bado wana kofia za msikitini. Dada akamkalisha mbele ya kompyuta. Akabonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja, na mashine ikamtajia kila moja, mpaka jina lake likakamilika kwenye kioo. Alilitazama muda mrefu. Wenzake wakaanza kuulizana magunia yataingia lini.

Mzee hakugeuka. "Ufuta wangu nitaulaza chumbani kwangu," akasema. "Wenu, kila mtu atajua pake."