Safari ya Maji ya Moto Tuliyoipanga Edani

Juzi ofisini kwetu Galu waliingia mume na mke, wageni kutoka Ulaya, wakataka kukodi gari la kulala, lile lenye kitanda na jiko ndani. Walitaka washuke nalo pwani taratibu, kutoka Diani mpaka mpakani, na njiani wasimame penye chemchemi za maji ya moto. Nikawachorea njia bila kutazama ramani. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kwa utani nimekwenda huko mara ngapi. Nikamwambia sijawahi kufika. Njia ile, msomaji wangu, niliipanga nikiwa na miaka kumi na mmoja, ndani ya nyumba ambayo sikuruhusiwa kutoka.

Babu yangu alipofariki, Bibi alikaa eda. Unaijua sheria yake: miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani ila kwa dharura, hatii wanja wala manukato, na haonani na wanaume wasio maharimu wake. Mjane wa namna hiyo kwetu Mwabungo huitwa kizuka, na kizuka haachwi peke yake. Wajukuu wengine walikuwa ama wakorofi ama wadogo mno, kwa hiyo nikahamishiwa mimi na mkoba wangu wa shule. Masharti yalikuwa machache na makali. Shule, kisha nyumbani moja kwa moja. Hakuna ufukwe, hakuna kuruka kamba, hakuna harusi ya mtu.

Babu enzi za uhai wake alikuwa akiniita mke wake mdogo, kama babu wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Basi Bibi akaligeuza neno lile. Kila nilipong'ang'ania kutoka alinikumbusha kwamba mimi ni mke mwenziwe, na eda ni yetu sote wawili. Wanawake waliokuja kumpa pole walicheka. Mimi sikucheka hata kidogo. Jioni nilikaa juu ya mbuzi nikikuna nazi, moshi wa kuni ukiniingia machoni, huku nikiwasikia wenzangu nyuma ya ua wakigombania mpira. Nilimpenda Bibi, lakini niliichukia ile nyumba, na siku nyingine nilimchukia marehemu kwa kutufungia humo.

Jirani yetu alikuwa fundi wa magari. Uani kwake kulikuwa na gari la kulala, jeupe lenye mstari wa rangi ya machungwa, ambalo Mzungu mmoja alimwachia alipochoka kuishi huku. Bibi alikuwa akilichungulia kupitia upenyo wa makuti. Siku moja akaniuliza kama mtu anaweza kusafiri humo hali amelala. Nikamwambia anaweza. Hapo akaanza kunihadithia maji ya moto ya kwao.

Kwao ni bara, upande wa Dzombo. Asubuhi ya kuolewa kwake mama yake alimwogesha kwa maji yale, akaletwa pwani, na hakurudi tena. Babu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kumpa mke ruhusa ya kwenda kwao. Sasa magoti ya Bibi yalikuwa yamevimba, kuinuka mpaka ashike ukuta, na aliamini dawa yake ni maji yale tu. Tena muda ulikuwa mchache. Baba mkubwa, mwanawe wa kwanza, alikuwa amekwisha kuamua kwamba siku eda itakapokwisha angekuja kumchukua akaishi naye Mombasa, ghorofa ya nne, na nyumba ya Mwabungo ipangishwe. Bibi aliyajua magoti yake. Akishazipanda ngazi zile, kushuka tena hakupo.

Ndipo tukapanga kutoroka. Siku ya kutoka edani, alfajiri, kabla Baba mkubwa hajavuka feri, fundi angetuchukua. Tungesimama Msambweni tule viazi vya karai na kumjulia hali wifi ya Bibi. Ramisi tungetafuna miwa. Kisha tungekata kuingia bara mpaka kwenye vidimbwi, ambavyo Bibi alivikumbuka kama vyumba vya nyumba yake: kimoja cha kutumbukizia mayai ndani ya kikapu, ambayo walikuwa wakiyala hata kama hayajaiva, na kingine cha kukalia, maji yakufike magotini, mpaka ngozi ya vidole ikunjamane. Tungelala palepale garini siku mbili. Baba mkubwa angeghadhibika, lakini angemgombeza nani?

Kizuka hasemi na fundi, kwa hiyo mimi ndiye niliyepeleka maneno na kuyarudisha. Kitanda kina godoro? Kina. Yule Mzungu hakuwa na mbwa? Alikuwa naye, tena akilala naye humo humo. Bibi akasema basi hapandi mpaka gari lioshwe mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo. Fundi alinitazama kama mimi ndiye mbwa mwenyewe, lakini aliliosha mara saba, nikiwa nimesimama pale nikihesabu. Kisha akauliza swali moja tu: ni siku gani?

Nikarudi jikoni, penye kalenda tuliyopewa na mwenye duka; Bibi aliniachia mimi hesabu. Nilikuwa wa pili darasani kwa hesabu, na nilijiona. Nikahesabu miezi minne ya karatasi, yenye thelathini na thelathini na moja yake, nikaongeza siku kumi, nikazungushia duara kwa kalamu nyekundu. Nikampelekea fundi tarehe, naye akaiandika kwa chaki mlangoni mwa gari. Mimi, niliyekariri miezi yote ya Kiislamu madrasa, sikukumbuka kwamba eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani, na mwezi wa angani ni mfupi.

Siku nne kabla ya duara langu nilirudi kutoka shule nikakuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni na nyumba nzima inanukia udi. Bibi alikuwa ameogeshwa, amevaa leso mpya, ametiwa wanja. Baba mkubwa alikuwa akifunga masanduku kwenye gari lake. Sikumwamkia mtu. Nilikimbia kwa fundi, nikamkuta amelala chini ya lile gari jeupe, limewekwa juu ya mawe, magurudumu yote manne yako pembeni. Alikuwa akitengeneza breki, kwa ajili yetu. Alijua bado ana siku nne.

Alinifuata akiwa na grisi mikononi. Bibi alikuwa amekwisha kufika barazani, ameshikwa huku na huku. Fundi akamwamkia shikamoo, mara ya kwanza kwa miezi yote ile, naye akaitikia marahaba vizuri sana. Kisha Bibi akatazama kule upande wa mawe na magurudumu. Akapanda gari la mwanawe, na mimi nikawa huru kwenda kucheza.

Nyumba ile sasa haipo. Kwanza ilipangishwa, kisha kiwanja kikauzwa, na pamejengwa nyumba za wageni zenye ukuta mrefu. Fundi alihamia kwa binti yake. Bibi alikaa ghorofa ya nne miaka sita, na aliposhushwa alishushwa kwa jeneza.

Mwaka wake wa mwisho nilikwenda kumtazama. Nilikuwa nimekwisha kuwa msichana mkubwa, na kosa lile lilikuwa linanila. Nikamwomba radhi kwa kuhesabu vibaya. Akasema amenisamehe zamani, nilikuwa mtoto. Nilipaswa kuishia hapo. Lakini nilitaka aniambie kwamba hata ningehesabu sawa asingekwenda, kwamba ulikuwa mchezo wa kupoteza siku. Nikamuuliza kama kweli angepanda gari lile.

"Ningepanda, mwanangu," akasema, akiyasugua magoti yake. "Hata baba yako mkubwa angekuwapo mlangoni, ningempita nikapanda."

Kisha akanituma nikamletee maji ya kunywa. Nilikaa jikoni muda mrefu, bomba likiwa wazi, kwa sababu sikuweza kurudi na uso ule uliojaa machozi.