Msiro Kwenye Nyumba ya Eda

Mwaka ule wa corona, huku kijijini kwetu Nhica, ukipiga hodi watu walikutazama mikono kwanza. Umebeba nini? Umetumwa na nani? Mgeni ama kaleta ugonjwa, ama kaja kuwapelelezea wenye bunduki wa porini. Mimi hospitali ilinituma niwapelekee dawa akina mama wenye virusi vya ukimwi, na sikumwamini mtu. Hata mbuzi akinikodolea macho nilibadili njia.

Kulikuwa na mzazi mmoja, mtoto bado mchanga, anakaa kwa mama mkwe wake. Dawa ya maji ya kumkinga mtoto ilikuwa inakwisha, na mkwe hajui lolote. Enfermeira, nesi wetu aliyeletwa kutoka kusini, akaniambia, "Ukichelewa, mtoto anaweza kuambukizwa akinyonya." Basi nikajifanya muuza msiro, ule mti tunaousaga tukajipaka usoni. Chupa nikaifukia chini ya kikapu. Mzazi kununua msiro, nani atauliza?

Nikapiga hodi. Mama mkwe akatoka kajifunga nguo nyeupe mpaka kichwani. Yuko eda. Mumewe alizikwa kimyakimya kwa sababu mikusanyiko ilikatazwa, na habari haikunifikia. Nami namletea mjane mapambo!

"Msiro? Kwenye nyumba ya eda?" akasema. "Wewe una lako jambo."

"Nisamehe, mama. Sikusikia msiba. Poleni sana."

"Lete hicho kikapu."

Akapekua mpaka chupa ikatoka, na bomba lake dogo la kumnyweshea mtoto.

"Dawa ya nani?"

"Yangu."

"Mtu mzima na bomba la mtoto? We mwanamke, mie mjane, si mjinga."

Nilimchukia wallahi, maana nilijua ataitupa jaani.

Mara mzazi akatoka ndani, mtoto kampakata. Akainyakua chupa mkononi mwa mkwewe.

"Ya mwanangu," akasema. "Na mimi nina vidonge vyangu, navificha kwenye gunia la mpunga."

Akaivuta dawa, akamnywesha mtoto palepale mlangoni.

Mama mkwe hakumzuia. Alimtazama mjukuu wake mpaka akameza yote. Halafu akanigeukia mimi.

"Kumbe maradhi haya unayaleta wewe," akasema. "Usinikanyagie tena hapa."