Kutu ya Mwalimu Kiilu

Majirani wa Msambweni walisema Mwalimu Kiilu anatwanga maji kwenye kinu, na hawakukosea sana. Mtu wa bara huyu, aliyeletwa pwani na kazi ya kufundisha kemia, alitaka jua liyapasue maji yatoe haidrojeni, gesi ya kuwashia jiko bila kuni wala mkaa. Chombo chake kilikuwa kibati cha chuma chenye kutu. Alikitumbukiza kwenye beseni la maji ya magadi, akakiunga kwa waya na betri ya redio iliyokaribia kufa, akakiweka juani. Jua likiipiga kutu, mapovu hupanda kwenye waya wa pili wa betri. Wingu likipita, hukoma.

Mapovu yenyewe yalikuwa haba, ya kuchekesha. Kutu nene haikufaa kitu. Alivichoma vibati jikoni, akaviharibu vingi, akajaribu hata kuvipaka mchanga mweusi uliosagwa. Mwaka 1998, mvua za El Nino zilipokwisha, alipata kimoja chenye kutu nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Hicho kilitoa mapovu kama sufuria ya wali inayoanza kuchemka. Alijaribu kutengeneza cha pili mfano wake, akashindwa.

Winrose mkewe, mwosha vyombo katika hoteli moja ya Diani, aliwahi kumwuliza, "Baba Kaindi, hiki ni kitu gani?"

"Kemia. Hutaelewa."

Jibu la kiburi hilo, wala si la kiungwana. Winrose hakuuliza tena.

Ndipo Dakta Muange, mtafiti wa Nairobi aliyekuwa njiani kwenda Ujerumani, alipokubali mwaliko wa Kiilu wa kupita. Kibati kikifanya kazi mbele ya macho yake, angekichukua kikapimwe huko kwa jina la Kiilu.

"Mgeni anakuja kukiona kile kibati," Kiilu alimwambia mkewe, akaenda kituo cha matatu cha Kona ya Musa kumpokea.

Winrose alikitazama. Kutu! Mgeni wa heshima aje aonyeshwe kutu nyumbani kwake? Wanawake wa pwani walimfundisha kuwa mgeni huipima nyumba kwa vyombo vyake. Akachukua majivu na makumbi ya nazi, akasugua mpaka akauona uso wake ndani ya kibati.

Jua lilikuwa kali walipofika. Kiilu akakikuta kibati kinang'aa kama kioo, akakitumbukiza na kuunga waya hivyo hivyo. Hapakuwa na povu hata moja. Dakta alingoja, akatazama saa, akasema kwa upole, "Una mke msafi, Mwalimu." Akanywa chai, akaaga.

"Umeniua!" Kiilu alifoka mgeni alipoondoka. "Kutu ile ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe!"

Winrose alikuwa bado na majivu kwenye kucha.

"Miaka yote hii nimelala chumba kimoja na kibati hicho, Baba Kaindi. Ungeniambia, ningekilinda kama mboni ya jicho langu."

Kiilu alibeba beseni akayamwaga maji ya magadi nyuma ya nyumba, na Winrose akaenda kukiosha kikombe cha mgeni.