Ameniita mwizi juu ya plaketi za frein

Leo client ameniita mwizi mbele ya batu, hapa hapa mu garage yangu ya Butembo.

Mwizi! Mimi!

Huyu papa alitoka Beni, mu commune ya Beu, yeye na bibi yake. Kila akikanyaga frein, gari inavuta kuume. Nikatosha gurudumu. Plaketi ya inje, yenye kubana gurudumu isimame, ilikuwa ingali nene. Ya ndani imekwisha mpaka kwenye chuma.

Papa akapandisha sauti: "Mwezi uliopita ulinifungia zote mupya! Kumbe moja ulikuwa umeiokota mu vya zamani!"

Batu bakajaa. Hata mama mwenye kuuza ndizi aliacha meza yake.

Nikamuambia, "Papa, sukuma hii chuma yenye kubeba plaketi. Inapashwa kuteleza."

Akasukuma. Hapana kutikisika. Pini zenye inatelezea zilikuwa zimegandamana na rangi nyekundu, njo plaketi ya ndani ilikuwa inafunga peke yake. Na mimi sijapakaka gari ya mutu rangi.

Bibi yake akamuangalia. "Mais papa, si ni wewe ulipaka hiyo rangi siku ya dimanche, eti gari ionekane muzuri?"



Nikasugua pini, nikatia grese, nikafunga plaketi zingine. Gari ikasimama sawa. Njo papa akanisogelea, akaninong'oneza: "Pardon, fundi."

Nikamuuliza, "Na mwizi, uliniita kwa sauti gani?"

Akaingia mu gari, akafunga mulango.

Ni bibi yake aligeukia batu, akasema kwa nguvu: "Huyu fundi hapana mwizi!"

Sasa muniambie, bandugu: ile pardon ya mu sikio, nayo ni pardon?