Maji Yamepona, Tope Bado

Swali lililoninyima usingizi mwezi ule lilikuwa fupi, mdogo wangu. Ziwa limepona au halijapona? Nikisema limepona, halafu mtoto wa mtu akaugua, nitamtazamaje mama yake? Nikisema bado, kumbe limekwisha kupona, nitakuwa nimewanyima watu ziwa lao bure. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina vipimo mkononi, na bado nilikuwa nikigeukageuka kitandani kama niliyelalia siafu.

Nakuandikia haya, Zainabu, kwa sababu sasa unaanza masomo yaleyale, na nakufahamu. Una kichwa kama changu, hakijui kupumzika.

Lile ziwa dogo unalijua, liko bondeni ukishuka kutoka Newala kuelekea Masasi. Kwa miaka mingi, kila msimu wa kupulizia mikorosho, watu waliosha mashine zao pale ukingoni na kutupa chupa za dawa majanini. Samaki wakafa, ndipo kijiji kikapiga marufuku kuosha mashine pale. Mimi nikatumwa kupima kama ziwa linarudia hali yake. Kila mwezi nilipanda mtumbwi, nikajaza chupa za maji na chupa za tope, nikazipeleka maabara. Vijana wa bodaboda wakanibatiza Dada Chupa. "Dada Chupa, mgonjwa wako anaendeleaje?" Nilicheka nao, lakini nilikuwa nimechoka.

Majibu yakaja. Maji yalikuwa safi, mwezi baada ya mwezi. Tope la ukingoni, pale mashine zilipooshwa, lilikuwa bado na sumu. Litakaa nayo mpaka lini? Sikujua. Likivurugwa, sumu kiasi gani itapanda kwenye maji? Hilo nalo sikulijua. Nikaona bora nirudie vipimo, nisome tena, niulize tena. Ripoti ikakaa ndani ya begi langu huku kijiji kikijiandaa kuwatoa wali, wavulana waliotahiriwa, jandoni. Desturi unaijua: siku ya kutoka, wavulana wanaingia ziwani kuogeshwa, utoto unaachwa humo majini, kisha wanavishwa nguo mpya.

Nakumbuka asubuhi niliyopita kwa Bibi Asumini. Nyumba yake iko karibu na ziwa, chupa zangu tupu zilikaa kwake, na mjukuu wake alikuwa miongoni mwa wale wali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeleta jibu au umefuata chupa?"

"Chupa, bibi. Nataka kurudia vipimo. Inawezekana kuna tatizo, kwa kiasi fulani, ila kwa sasa siwezi kusema kwa uhakika kwamba..."

Akaacha kubangua korosho. "Mwanangu, umesema maneno mengi na hujasema kitu. Ijumaa watoto wanaingia majini. Unadhani umenyamaza? Hujanyamaza. Huku watu wanasema, yule msomi anashinda humo ziwani, angeona ubaya angesema. Kimya chako kimeshawapa ruhusa."

Siku zote hizo nilidhani nangoja, kumbe watu walikuwa wameshanisikia.

"Lakini sijui yote, bibi."

"Nani kakuuliza yote? Unachokijua kiseme. Usichokijua, sema hukijui. Sisi ni watu wazima, tutajua pa kukiweka."

Jioni ile nikaenda kwenye mkutano, uwanjani kwa mwenyekiti wa kijiji. Sauti ilitetemeka, sitakuficha. Nikasema maji yamepona, tope la ukingoni halijapona, na sijui litapona lini. Nikasema wasiwapitishe watoto kwenye tope lile.

"Sasa tuwaogeshee mvua?" mmoja akauliza, watu wakacheka.

Mwingine hakucheka. "Baba zetu waliingia humohumo, na hatujasikia tope limemla mtu."

"Baba zenu hawakuoshea mashine humo!" Bibi Asumini akamjibu kutoka nyuma. "Maji si ni ya ziwa hilohilo? Yachotwe katikati, waogeshwe nchi kavu."

Walibishana mpaka wakachoka, na walipochoka wakakubali. Wengine walikubali wakiwa wamenuna, na wapo ambao mpaka leo wananiamkia kwa shida. Ndiyo kazi yenyewe, mdogo wangu, haikuachi ukipendwa na wote.

Nakuusia hivi. Shaka ni sehemu ya kazi yetu, usiione aibu, ila usiifanye chumba cha kujifichia. Pima, rudia kupima, lakini watu wakikaribia kuingia majini, toka uwaambie ulichonacho siku hiyo, pamoja na mapengo yake. Ukingoja mpaka ujue kila kitu, wao watakuwa wameshaoga. Mimi bado napima tope lile, na bado sijui litapona lini. Nachoka, lakini nalala.

Mungu akupe macho ya kuona kidogo kilichopo mbele yako, na sauti ya kukisema hata ikitetemeka.

Ijumaa ile nilipanda mtumbwi asubuhi, nikaenda mpaka katikati, nikajaza ndoo. Wanaume waliweka ubao kutoka majanini, wakazipokea bila mtu kukanyaga tope. Kuogeshwa kwenyewe sikukuona, wanawake hatufiki pale. Nilikaa kibarazani kwa Bibi Asumini na nguo zangu zilizolowa, nikasikia nyimbo za wanaume zikianza kule ziwani.