Uji Ambao Letisia Hakuonja

Letisia alizaliwa Butihinda, mkoani Muyinga nchini Burundi, lakini hakuikumbuka. Mama yake alimvusha mpaka akiwa mgongoni, na alipopata akili alijikuta mtoto wa kambini, Tanzania. Huko ndiko alikosoma. Mwalimu wao wa Kiswahili alifundisha hadithi kama mtu anayefundisha kuchinja kuku: huu msuko, huyu mhusika, hii ishara, kata hapa. Familia iliporudi Burundi walikuta shamba la baba lina watu. Likagawanywa, na kipande walichopewa hakikutosha ndugu wote. Kaka zake wakabaki nacho. Yeye akashuka Gitega, akapanga chumba mtaa wa Magarama, nyuma ya duka la Mama Salama, fundi cherehani.

Mimi natengeneza miavuli. Nazunguka na mvua, Gitega hadi Muyinga, kwa hiyo mengine niliyaona kwa macho. Mengine niliambiwa.

Asubuhi Letisia aliuza uji wa mtama kwenye baraza ya duka. Mchana, wanawake waliongoja nguo zao walimkuta na kitabu. Ilikuwa riwaya ya huko alikokulia, ya mjane mmoja na shemeji yake. Wakamwomba asome kwa sauti. Basi ikawa desturi: Mama Salama anakanyaga cherehani, Letisia anasoma, na Raissa, mwuza vitenge wa jirani, anafunga duka lake kidogo aje kusikiliza.

Letisia hakusoma tu. Alisimama katikati ya ukurasa akawauliza. "Kwa nini mwandishi kaweka kikombe cha buluu? Angeweza kusema kikombe tu. Kitabuni hakuna kitu kinachojileta chenyewe, jamani. Kila kitu kimewekwa na mtu, na ana sababu."

Walilipenda hilo neno. Wakaanza kutafuta sababu kila mahali, kwanza kitabuni, halafu mtaani. Jirani akipita na kanga nyeusi, Raissa anasema, "Ile iko ishara," na wote wanacheka.

Kisha ikafika sura ya chai. Shemeji anakuja kumwona mjane. Mjane anamimina chai katika kile kikombe cha buluu, anamkabidhi mkononi. Wanazungumza hadi jua linazama, shemeji anakwenda kulala. Asubuhi anakutwa amekufa. Sura imekwisha.

Cherehani ilisimama.

"Ile mama njo alimuua," Raissa akasema.

"Wapi imeandikwa?" Letisia akauliza.

"Iko wazi. Alimpa chai, yeye mwenyewe hakuonja."

Hapa kwetu anayetoa kinywaji hunywa funda moja kwanza, mbele ya mgeni, ndipo ampe. Mtoto mdogo anajua. Humpi mtu kikombe kizima kama unampa deni. Wote dukani waliitikia kwa kichwa, hata Mama Salama.

"Lakini kule hawaonji," Letisia akasema. "Mwandishi ni mtu wa kule. Mimi nimekua hivyo, unampa mgeni chai, anakunywa, basi. Kikombe ni ishara ya nyumba. Shemeji alitaka kumrithi yule mama pamoja na nyumba yake, mama akampa chai tu. Maana yake: utapata hii, zaidi ya hii hupati. Yule mwanaume alikuwa mgonjwa tangu sura ya pili, anakohoa kila akitokea."

"Bon. Kukohoa haiui kwa usiku mmoja."

"Raissa, dada yangu, msome mhusika. Huyu mama ametunza wagonjwa kitabu kizima. Tabia yake si ya kuua."

"Franchement, we unamtetea sana." Raissa alikuwa bado anatabasamu, lakini alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Na we, uji yako unaonjaka?"

Hakuna aliyecheka. Letisia hakuwahi kuonja. Alichota, akatoa, akapokea pesa. Kila asubuhi walikunywa wakiongea mambo mengine, na hakuna aliyeliona. Sasa wameliona.

Ingeishia hapo, lakini wiki hiyo Nassoro mchinjaji alishikwa na tumbo. Alikuwa amekula nyama ya kuchoma kwa rafiki, akashushia maziwa, na asubuhi akanywa uji. Watu waliulaumu uji, wakaiacha nyama. Nassoro mwenyewe alipona upesi, akasema hana neno na mtu. Hilo nalo likatiwa sababu: ameogopa, ndiyo maana anasema hivyo.

Letisia hakuwa mjinga. Kesho yake alichota uji, akanywa funda mbele ya mteja, akampa. Alidhani amemaliza.

"Umeona?" Raissa akamnong'oneza Mama Salama. "Juzi haonji, leo anaonja. Kwa nini leo? Mtu akibadilika katikati ya hadithi, iko na sababu. Ni yeye alitufundisha."

"Anaonja kwa sababu mumemsema."

"Ama alikunywa dawa yake ya kinga nyumbani, njo maana haogopi. Na sumu anaiweka kwa kucha, anaonja upande huu, anatia upande ule. Mi sisemi ni yeye. Mi nauliza tu."

Wateja wakapungua. Wengine walinunua kwa aibu, wakamwaga kwenye mtaro walipopinda kona. Nilimkuta Letisia siku moja ameinama kwenye ule mtaro anautazama uji wake. Akaniambia, "Shikamoo mzee. Hata kucha nimekata. Wanasema nimekata kuficha." Mwishoni mwa mwezi alilipa chumba, akafunga sufuria na kitabu, akapanda gari la Muyinga. Sufuria ile ndiyo ilikuwa shamba lake. Kaka zake hawakuwa na udongo wa kumgawia.

Duka likawa kimya. Mama Salama alianza kunisumbua kila nilipokuja. "Mzee, we unapita huko. Ile mama aliua, ama hakuua? Kitabu inasemaje?" Nilijua haulizi kitabu peke yake. Nikamwambia twende akamwulize mwenyewe.

Tulimkuta Butihinda, uani kwa kaka yake, jioni baada ya kulima. Watu waliorudi kutoka kambini walikuwa wameketi juu ya magogo, na yeye anawasomea kitabu kilekile, sura ileile ya chai. Alimwamkia Mama Salama kwa heshima, akamkalisha kwenye kiti, akamletea kikombe cha maji ya ndizi ambayo hayajachacha, maana anajua yeye ni Mwislamu. Alimkabidhi kikiwa kimejaa. Hakuonja. Akarudi kukaa mahali pake.

Mama Salama alikishika kwa mikono miwili. Akanitazama. Mimi nilitazama migomba.

Akaegemea kwa Letisia, akasema polepole, "Mwanangu, sikufichi. Mi naogopa. Onja kidogo."

"Leo sionji, mama. Nimeonja vya kutosha Magarama."

Kikombe kikawekwa chini.

Urbano, jirani mmoja, alikuwa anangoja kusema. "Mimi huyo shemeji simwamini. Hajafa."

"Amekufa, imeandikwa," mwenzake Upendo akamwambia.

"Nani kaona kaburi? Soma tena, hakuna kaburi. Amekuja kwa ajili ya shamba. Anajilaza, anasema amekufa, mama anafungwa, yeye anarudi kulima. Kikombe cha buluu ni shamba. Ndugu akija kunywa chai kwako, ujue ameshapima mipaka."

Magogo yote yakaunga mkono. Kila mmoja alikuwa na shemeji yake, au ba'mdogo wake, na mpaka wake uliosogezwa. Wa Gitega waliogopa kikombe. Hawa wanaogopa mgeni.

"Oya, hapana," Mama Salama akasema, na akasimama. "Maiti iliamka na kwenda kulima? Nyinyi munasoma kitabu gani? Alikuwa anakohoa tangu sura ya pili. Ile mama alitunza wagonjwa, iko na tabia ya huruma, haiwezi kugeuka bure. Letisia, waambie. Mwandishi alisema nini mwisho?"

"Nimekimaliza. Hasemi."

"Mwandishi gani huyo?" Koo lilikuwa limemkauka kwa kubishana. Akainama, akaokota kikombe, akanywa hadi nusu, akaendelea kumwelekeza Urbano kidole. "Unamsingizia mtu kwa sababu..." Akatazama ndani ya kikombe.

Uwanja mzima ulimtazama. Letisia alifunga kitabu.

"Ni ndizi tu, mama."

"Naona." Akakaa. Akamaliza kilichobaki, safari hii taratibu. "Chumba yako sikumpa mtu. Rudi. Hutaonja mbele ya yeyote. Mi nitakunywa wa kwanza, pale barazani, kila asubuhi, wanione."

Letisia alipokea kikombe kitupu, akaenda kukiosha. Gari la asubuhi lilipojaza abiria, alikuja na sufuria.

Sasa Mama Salama anakunywa wa kwanza. Wateja wanarudi, si wote. Raissa anasema Letisia na fundi wake bila shaka wanagawana dawa, hawezi kuapa, anauliza tu. Hata hivyo juzi nilimwona kwenye foleni ya uji. Alikuwa amekuja na kikombe chake kutoka nyumbani, amekifunika kwa kiganja.